Anayewaita Samaki Alfajiri

Ti. Ti-ti. Ti.

Ni sauti ndogo. Kijiko kinagonga mkebe wa bati, basi. Kama ungekuwa mgeni wangu ungesema ni Muthoki, mke wa mjukuu wangu, amewahi jikoni kupima majani ya chai.

Lakini Muthoki alikuwa chumba cha pili na nilimsikia akikoroma. Na sauti haikutoka jikoni. Ilitoka kule chini, kwenye bwawa la samaki.

Jogoo alikuwa hajawika. Nililala nikitazama giza la paa.

"Kivuva," nikasema polepole, "umeamkaje?"

Kisha nikaona haya. Mwanamke mzima wa kanisa, mwenye vitukuu, namsalimu mtu ambaye tulimzika nikiona kwa macho yangu.

Wale mliokuwa nami wiki iliyopita mnamjua Kivuva. Kwa mwenzetu aliyefika leo, keti nikueleze. Mimi ni nyanya wa upande huu wa Kathonzweni. Kikundi chetu kinafuga tilapia katika bwawa lililo kwenye shamba langu. Maji tunayavuta mtoni, na mto wetu juu ni mchanga mtupu. Maji yako chini. Ukiyataka, unachimba.

Kiangazi kilipokaza, maji yakazidi kushuka. Kivuva ndiye aliyewalisha samaki na kuichunga pampu. Kikundi kikamwambia ashuke achimbe zaidi. Akashuka. Mchanga ukaporomoka. Tulimfukua kwa mikono, na kwa sufuria, na kwa sahani, na tulichelewa.

Niliwaambia pia kwamba tunangoja mkaguzi. Kuna cheti kinachosema samaki hawa wamefugwa kwa njia ya kuwajibika: maji hayakunyang'anywa jirani, chakula chao kinajulikana kilikotoka, hawatoroki kuingia mtoni, na wanaowafuga wako salama kazini. Wenye hoteli wa Mtito Andei walitaka kukiona kabla ya kununua samaki wetu. Bila cheti, hakuna soko. Bila soko, hakuna bwawa.

Niliishia pale mwenyekiti wetu, Mbaluka, alipotuomba tuseme neno moja sote: hakuna aliyewahi kuumia hapa.

Sasa asubuhi ya mkaguzi ilikuwa imefika, na mkebe ulikuwa umegongwa tena, kama alfajiri zilizopita.

Muthoki aliamka, akanipashia maji ya kunawa bila kuombwa. Hufanya hivyo kila siku, mtoto huyu. Nikamwuliza kama amesikia.

"Nimesikia nini, susu?" Susu ni nyanya, kwa Kikamba chetu.

"Mkebe."

"Ni panya."

"Panya wa kushika kijiko?"

"Panya wa siku hizi wamesoma," akasema, akacheka. Lakini aliinama haraka kuchochea moto, na sikuuona uso wake.

Nikachukua ndoo ya chakula cha samaki, nikashuka.

Kivuva alikuwa na namna yake ya kulisha. Jioni alikuwa akifunika chungu kilichovunjika juu ya tundu la mchwa, ndani akiwa ameweka mabua na mavi ya ng'ombe yaliyolowa. Asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwarudisha chini, anakiinua kimejaa mchwa. Watu wetu huwalisha kuku hivyo. Yeye aliwapelekea samaki. Alisimama ukingoni, akagonga mkebe kwa kijiko, na maji yakachemka kwa vinywa.

Mbaluka alimkataza. "Cheti kinataka chakula kijulikane kilikotoka."

"Mwenyekiti, mchwa ametoka Makueni," Kivuva akamjibu. "Hata chifu anamjua."

Tulicheka siku hiyo mpaka Mbaluka mwenyewe akashindwa kujizuia. Lakini amri ikabaki, na baada ya hapo Kivuva akawa anagonga mkebe akitoa punje za gunia tu.

Nilifika ukingoni. Mkebe ulikuwa unaning'inia kwenye nguzo ya ua, mahali alipouacha mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuutoa. Kijiko kilikuwa ndani.

Nikarusha chakula.

Samaki hawakuja.

Nikarusha tena. Punje zikaelea, zikalowa, zikaanza kuzama. Niliwaona kule chini, migongo yao myeusi, wametulia kama watu waliotoka karamuni. Walikuwa wameshiba.

Nikainama. Kando ya maji kulikuwa na udongo mwekundu wa kichuguu. Na juu ya maji, mchwa mmoja, bado anapiga miguu.

Sikupiga kelele. Nilijua ni nani. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili tangu sauti ilipoanza, na sikuona jibu lingine: ni Wayua, mama yake Kivuva. Nyumba yake iko ng'ambo ya mto. Nani mwingine anajua namna ya mwanawe? Mama amevuka mchanga gizani, amewalisha samaki wa mtoto wake, amerudi kabla sijamwona.

Na kwa nini asitake nimwone? Kwa sababu tangu mazishi sikuwa nimetia mguu kwake. Kila siku nilisema kesho.

Nilimtoa yule mchwa kwa kidole, nikamweka kwenye nyasi.

*

Mbaluka alikuja kwa boda boda, amekumbatia viti viwili vya plastiki.

"Mama Nzomo, mkaguzi asije akakaa kwenye gogo," akasema. Nzomo ni kifungua mimba wangu, yuko Mombasa. Mbaluka ni wa umri wake, na huniamkia kama mama yake. Wakati wa mazishi alilala nje kwenye baridi na wanaume wengine kuulinda mwili. Nataka mjue hayo kabla sijawaambia mengine, ili msimchukie upesi.

"Tumekubaliana, si ndiyo?" akauliza. "Akiuliza kuhusu mtoni, kile ni kisima cha Kivuva."

Hapa lazima niwaeleze. Kwetu, shimo la maji mtoni huitwa kwa jina la mwenyewe. Aliyelifungua mara ya kwanza, akaliwekea ua wa miiba, jina lake linakaa hapo hata akifa. Kile kisima kilifunguliwa na marehemu mume wangu. Miaka yote kiliitwa kisima cha akina Nzomo.

Baada ya mazishi, nilianza kusikia watu wakikiita kisima cha Kivuva. Mbaluka ndiye aliyeanza. Nilidhani ni wema. Nilikaa jikoni nikalia kwa furaha, nikasema, tazama, wamempa kijana wetu ukumbusho.

Nilielewa siku ile ya mkutano, Mbaluka alipotuomba lile neno moja. Kisima kikiwa cha Kivuva, basi Kivuva alikufa akichimba chake. Hakuwa kazini. Alikuwa na shida zake za nyumbani, mtoni, kama mtu yeyote.

"Mbaluka," nikasema, "na mama yake?"

"Nimeongea naye jana. Nimemwambia ukweli tu. Cheti kikikosa, tunatoa maji, tunauza samaki wote, bwawa linakuwa shimo. Akasema amesikia."

"Alisema nini kingine?"

"Aliuliza kama wewe hujambo."

Ndoo ikaniponyoka mkononi.

*

Mkaguzi alikuwa msichana aitwaye Ruqiya. Wazazi wake ni watu wa kaskazini, wafanyabiashara wa mbuzi, lakini alizaliwa Mwingi na kukulia huko Kitui, na alinisalimu kwa Kikamba safi. "Wi museo, mwaitu?" Yaani, hujambo, mama? Muthoki aliziba mdomo kwa mshangao.

"Kumbe ni wetu!" akaninong'oneza.

"Hata wa kwenu anaweza kukunyima cheti," nikamwambia.

Ruqiya aliiacha ile chai yake ya chupa aliyokuja nayo, akanywa yetu, akaomba ya pili. Nilimpenda hapo hapo, na nikazidi kuogopa.

Alikagua wavu wa kuzuia samaki wasitoroke. Akauvuta, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Akaangalia magunia ya chakula. Akauliza kama huwa tunawaua ndege wanaokula samaki, na Mbaluka akamwonyesha nyuzi tulizotandaza juu ya maji ili ndege waogope tu. Kila kitu kilikwenda vizuri. Mbaluka alianza kutembea kama bwana harusi.

Kisha Ruqiya akasimama ukingoni.

"Leo wamekula?"

"Wamekula," nikasema.

"Punje zinaelea."

"Wameshiba," nikasema, na huo ulikuwa ukweli.

Akachuchumaa, akagusa ule udongo mwekundu, akausugua kwa vidole. Akautazama mkebe kwenye nguzo. Hakuuliza.

"Kuna mtu yeyote amewahi kuumia katika kazi hii?"

"Hakuna," akasema Mbaluka.

Ruqiya alinitazama mimi. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimejaa vumbi, kwa sababu alikuwa amemlipa mwenye boda boda barabarani na kutembea, ili asiwavurugie watu mboga zao.

"Basi nipelekeni mnakotoa maji."

Mtoni jua lilikuwa limeanza kuuma. Pampu yetu iko chini ya turubai, na bomba lake linaingia kisimani. Ua wa miiba uko pale pale. Kisima chenyewe ni kirefu kuliko kilivyokuwa siku ile. Kuta zake ni mchanga uliosimama wima, na ngazi ya miti imeegemezwa ndani.

Ruqiya alichungulia. Akarudi nyuma.

"Nani hushuka humu?"

Mbaluka alijibu, "Hakuna. Pampu inavuta yenyewe."

Muthoki alikuwa nyuma yangu. Pindo la leso yake lilikuwa na mchanga mbichi, na hata kwenye nywele chache zilizotoka kwenye kitambaa kulikuwa na punje zinazong'aa. Ruqiya alimwona. Mimi pia nilimwona, na ndipo nilipojua kwa nini aliinama haraka asubuhi ile nilipotaja mkebe: aliogopa ningeuliza na mengine ya mtoni. Tangu kifo kile, kikundi kilikuwa kimeniambia hakuna anayeshuka tena. Kumbe aliyekuwa akishuka ni huyu wangu. Anayenipashia maji ya kunawa.

"Muthoki?" nikamwita.

"Maji yakirudi chini nitafanya nini, susu?" akasema polepole. "Samaki wangekufa."

Ruqiya akageuka kwa Mbaluka. "Kisima hiki ni cha nani?"

"Cha Kivuva."

"Sawa. Naomba kuongea na Kivuva."

Mbaluka akageukia pampu.

"Kama ni kisima chake na ninyi mnavuta maji yake," akasema Ruqiya, "lazima nimwulize kama alikubali, na kama anabaki na maji ya kumtosha. Hiyo ni kanuni ya kwanza kabisa. Yuko wapi?"

Nilimwona Mbaluka akitafuta pa kuweka mikono yake. Mtu alikuwa amejenga ua wa maneno kuzunguka kisima, na sasa yeye mwenyewe alikuwa ndani.

"Alifariki," akasema.

"Pole sana. Alifariki vipi?"

"Mambo ya nyumbani kwake. Alikuwa akichimba... kisima chake."

Upepo ulipita juu ya mchanga. Nami nikasikia tena, mchana mweupe, kichwani mwangu tu: ti, ti-ti, ti.

"Hiki ni kisima changu," nikasema.

"Mama Nzomo," akasema Mbaluka.

"Mume wangu alikifungua. Kinaitwa cha akina Nzomo. Kivuva alikuwa mfanyakazi wetu wa samaki. Alishuka kwa sababu kikundi kilimwambia ashuke. Nilikuwepo. Ni mimi niliyemshikia ngazi."

Mbaluka alivua kofia yake, akaketi juu ya mchanga. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, umetumaliza," kama mtu anayesema mvua imeanza.

Ruqiya hakuandika. Alisema, "Nikiandika hivyo bila kuisikia familia yake, nitakuwa nimewakosea. Mama yake yuko hai?"

Nikamwonyesha ng'ambo.

*

Tulivuka sisi wawili tu. Ruqiya alimwomba Mbaluka abaki. Njiani alinishika mkono mahali mchanga ulipokuwa laini, akaushika hata tulipofika penye ardhi ngumu.

Wayua alikuwa ameketi juu ya mkeka, mlangoni, anachambua pojo. Aliponiona mikono yake ilisimama.

"Karibuni," akasema. Hakusema jina langu.

Alituelekeza kwenye mtungi, tukanywa maji. Hata mtu unayemchukia, kwetu, hunywa maji kwanza. Ruqiya akajieleza yeye ni nani, akauliza kwa upole sana: Kivuva alikuwa akifanya kazi gani siku alipofariki?

Wayua hakunitazama. Alichukua pojo moja iliyotobolewa na wadudu, akaitupa kando.

"Mwanangu alikuwa akichimba kisima chake," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Chake mwenyewe, mama?"

"Chake. Hakuwa mfanyakazi wa mtu. Alikuwa akiwatembelea tu wale samaki. Aliwapenda."

"Wayua!" nikasema.

"Wewe nyamaza, Mama Nzomo. Mtoto ni wangu."

Ruqiya alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Nina maneno mawili, na hayapatani," akasema. "Nitakaa pale kivulini. Ongeeni. Mkiwa tayari mniite."

Alikwenda akakaa mbali, ametupa mgongo. Angeweza kukaa karibu akasikia kila kitu. Hakufanya hivyo.

"Kwa nini umesema hivyo?" nikamwuliza Wayua.

"Kwa sababu sikutaka bwawa life."

"Mbaluka alikutisha."

"Mbaluka aliketi hapo akalia, maskini. Hakunitisha." Alisukuma ungo pembeni. "Wale samaki wanaijua sauti ya mwanangu. Akigonga, wanakuja. Katika dunia hii nzima, Mama Nzomo, ni nani mwingine anayekuja Kivuva akimwita? Mkiwauza, mtakuwa mmemzika mara ya pili."

Nilitazama ng'ambo, kule bwawani.

"Na nilisema hivyo kwa ajili yako pia," akaendelea.

"Kwa ajili yangu?"

"Nilikukasirikia. Sitakudanganya. Ulikuwa juu umeshika ngazi, wewe mzee, naye kijana yuko chini. Halafu hukuja. Wengine walikuja, wewe hukuja. Nikasema, ngoja nimwone siku moja sokoni, nitamwambia." Akapumua. "Halafu nikaanza kuisikia."

"Kusikia nini?"

"Si unajua. Alfajiri. Sauti husafiri juu ya mchanga. Siku ya kwanza nililia mpaka jua likatoka. Siku iliyofuata nikasema, ah, ni Mama Nzomo. Hawezi kunitazama usoni, lakini anaamka kabla ya watu, anagonga ule mkebe kama alivyogonga mwanangu, ili samaki wasiisahau sauti yake. Nikasema, mtu anayefanya hivyo, nitamkasirikia nini? Nikakusamehe. Sasa nalala nikiingoja. Hiyo ndiyo chai yangu ya asubuhi."

Alinyoosha mkono wake, akaushika wangu.

Wasomaji wangu, nawaambia jambo hili kama ninavyolisema kwenye maombi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema "ndiyo." Cheti kingebaki salama, Mbaluka angeinuka kutoka kwenye ule mchanga, watu wa kikundi wangeuza samaki, na Wayua angeendelea kunishika mkono. Lilikuwa neno dogo. Lilikuwa mdomoni tayari.

Lakini nikamkumbuka Muthoki na mchanga kwenye nywele zake.

"Si mimi," nikasema.

"Nini?"

"Si mimi ninayegonga, Wayua. Nimekuwa nikilala kitandani nikisikiliza kama wewe. Mimi... mimi nilidhani ni wewe."

Aliutazama uso wangu. Kisha akaifunua leso iliyofunika miguu yake.

Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kifundo hadi goti, umefungwa kwa vitambaa na vipande viwili vya mti.

"Nilianguka nikitoka kaburini," akasema. "Juma lile lile la mazishi. Chooni hupelekwa na binti wa jirani. Sijafika hata kwenye ule mnyaa."

Mnyaa wa ua wake uko hatua chache tu kutoka mlangoni. Nilikuwa sijui kwamba ameumia. Ningejuaje, na sikuja?

Pojo zilikuwa zimemwagika kwenye mkeka na hakuna aliyeziokota. Kuku alikuja akala moja.

"Mchwa pia?" akauliza Wayua hatimaye, kwa sauti ya chini sana.

"Mchwa pia. Leo nimemkuta mmoja yu hai."

Alifumba macho. Nilidhani atalia. Badala yake uso wake ukalegea, kama uso wa mama anayesikia mlango wa nje ukifunguliwa na kujua ni nani ameingia.

"Mwite yule msichana," akasema.

Ruqiya alikuja, akachuchumaa mbele yake.

"Andika," Wayua akamwambia. "Mwanangu Kivuva alikuwa mfanyakazi wa samaki. Alikufa kazini. Kisima ni cha akina Nzomo."

"Mama, hivi punde ulisema—"

"Nilisema hivyo nikidhani amemaliza. Hajamaliza." Alijinyoosha pale mkekani. "Kama bado anakwenda kazini, mimi mama yake nitasemaje hakuwa mfanyakazi?"

Kalamu ya Ruqiya ilisimama hewani. Hakucheka, wala hakumtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Alivifuta vidole vyake, vile alivyoshika udongo mwekundu, taratibu kwenye nguo yake, kisha akaandika.

"Cheti siwezi kuwaahidi," akasema alipoinuka. "Kufiwa na mfanyakazi hakuwanyimi moja kwa moja. Kuficha kunaweza. Na kuendelea kushusha watu mahali pale pale kunaweza zaidi. Leo nasema hili moja: asishuke mtu kwenye kile kisima mpaka kuta zake zijengwe. Nitawaambia wakubwa wangu mlisema ukweli wenyewe. Jibu likitoka, nitalileta mimi, hata likiwa baya."

Alimmiminia Wayua maji kwenye kikombe kabla ya kuondoka, akayaweka mahali mkono wake ungefika.

Ruqiya alikuwa hajapotea machoni Muthoki alipokuja mbio kutoka mtoni, viatu mkononi.

"Susu, kikundi kimekusanyika. Mwenyekiti amewaambia yote. Wanasema cheti kimekwenda, hakuna haja ya kuwalisha samaki chakula cha bure. Kesho kukipambazuka wanaleta nyavu. Wanavua wote, halafu wanafungulia maji."

"Na Mbaluka amesemaje?"

"Amejaribu kuwatuliza. Hawamsikii. Wanasema ukitaka kuwazuia, usimame ukingoni mwenyewe."

Nikainuka. Kesho kukipambazuka. Nilijua mahali pangu palikuwa wapi: pale bwawani, mbele ya nyavu, na mdomo wangu wa kizee.

"Mama Nzomo," akaniita Wayua.

Nikageuka. Alikuwa ameshika nguzo ya mlango, anajaribu kusimama kwa ule mguu mmoja.

"Keti, utaumia."

"Kesho uje tena."

"Kesho, Wayua, ndiyo siku ya—"

"Nimesikia. Kama ni mara yake ya mwisho kuwaita, sitaki nimsikie nikiwa peke yangu." Akaishika nguzo kwa mikono yote miwili. "Uje kabla ya jogoo. Nitauacha mlango wazi."